Mpitiaji wa Tatu

Makala ilinifikia mvua za kwanza zilipoanza, haina jina la mwandishi, haina jina la kituo cha utafiti, haina hata shukrani zile za mwishoni ambazo watu huwamwagia wafadhili na wenza wao. Kichwa chake kilikuwa kirefu kupita kiasi, kama ilivyo desturi ya wataalamu wa viazi, nikaikasirikia kabla sijaisoma. Niliiweka kando nikaenda kupika.

Nilipika ugali nikaona umezidi. Siku hizo ugali ulikuwa unazidi kila mara. Nilijiambia ni baridi ya Makete, kwamba mtu akiishi mahali ambapo umande unaganda juu ya nyasi, mkono wenyewe huongeza unga bila kuuliza. Nilikula sehemu yangu, nikafunika iliyobaki, nikarudi maabara. Jioni nilikuta sahani tupu, imeoshwa na kuinamishwa kwenye karai. Hilo nalo nililitafutia maelezo. Nilidhani nimekula nikiwa na mawazo mengi, nikaosha, nikasahau.

Kitu ambacho sikukipatia maelezo ni huzuni. Nimezoea kukaa peke yangu, au ndivyo nilivyojijua wakati ule: Dokta Yusta Nkwama, mtaalamu wa udongo, mwanamke wa makamo mwenye nyumba ya kituo, jiko la kuni na redio. Mtu wa namna hiyo hapaswi kusimama mlangoni jioni akiangalia njia. Mimi nilikuwa nasimama. Nilikuwa namkosa mtu, na kila nilipojiuliza ni nani, sikupata jina wala sura. Nilikuwa na upweke usio na mwenyewe, na ulinichosha kuliko kazi.

Bila shaka mtu mwenye akili timamu angeshtuka mapema. Lakini hivyo ndivyo Pazia linavyofanya kazi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolipigia makofi lilipozinduliwa.

Zamani, jarida lilipotaka kujua kama makala inafaa kuchapishwa, lilifuta jina la mwandishi na kuituma kwa wataalamu wawili au watatu waisome kwa siri. Waliamini hiyo ni siri. Nchi yetu ina wataalamu wa udongo wanaoweza kukaa wote kwenye ukumbi mmoja wa harusi na viti vikabaki, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa namna anavyochora grafu. Rafiki alimpitisha rafiki, hasimu akamkata hasimu, mpaka ikatokea ile kashfa ya mbolea iliyounguza mashamba ya mpunga, ikagundulika kuwa makala yake ilipitishwa na shemeji wa mwandishi. Ndipo Bodi ya Majarida ikatuletea Pazia.

Ni kipande kidogo, hakizidi punje ya ulezi, kinawekwa nyuma ya sikio siku unaposajiliwa kuwa mtafiti. Makala inapotumwa kwako, Bodi inaliwasha Pazia kwako na kwa mwandishi kwa pamoja. Tangu hapo akili yako haimshiki mwandishi, na yake haikushiki wewe. Hapotei. Anapita mbele yako, anakohoa, anavuta kiti, ila akili inateleza juu yake na kujitungia sababu nyingine. Jina lake likitajwa hulisikii. Kumbukumbu zake zinanyamaza. Uamuzi ukishatolewa Pazia linazimwa, na mtu wako anarudi kama vile hakuwahi kuondoka. Bodi hujivunia kwamba siku hizi hata mama anaweza kupitia makala ya mwanawe bila upendeleo.

Mwaka juzi liliwahi kunipata jambo dogo. Nilikuwa napitia makala moja mbovu kuhusu chokaa, na wakati wote huo meza ya jirani pale maabara ilikuwa tupu. Juu yake kulikuwa na kikombe cha chai kinachofuka moshi kila siku ifikapo saa nne, nami nilidhani ni cha mfagizi. Nilipotuma uamuzi wa kukataa, ghafla nikamwona Dokta Luvanda amekaa pale, mashavu yamemvimba kwa hasira.

“Kumbe ni wewe uliyeniandikia kwamba grafu zangu zimechorwa gizani!” alisema.

“Zilikuwa zimechorwa gizani,” nilimjibu. Hatukusemeshana mpaka Pasaka, na baada ya hapo tulicheka. Kwa hiyo nilijua Pazia ni usumbufu wa wiki chache, jambo la kuchekesha kazini. Sikuwahi kufikiria linaweza kuingia ndani ya nyumba.

* * *

Nilianza kuisoma makala siku ya mvua kubwa, maabara ikiwa haina umeme. Hasira yangu iliisha kwenye ukurasa wa tatu.

Mwandishi alikuwa amempata mdudu mdogo sana, bakteria anayeishi kwenye udongo wa bondeni, ambaye humla yule anayeleta mnyauko wa viazi. Asiyelima viazi hawezi kujua uchungu wa mnyauko. Shamba linakuwa la kijani asubuhi, mchana mashina yanalegea, na ukikata kiazi kinatoa utomvu mweupe unaonuka. Dawa hakuna. Mkulima anachoweza kufanya ni kulipumzisha shamba miaka kadhaa, apande mahindi au asipande kitu, na wengi huku juu hawana shamba la pili.

Majaribio ya kwenye vyungu yalikuwa safi kabisa. Niliyakagua kwa roho mbaya, nikitafuta pa kushika, sikupata. Sentensi zake zilikuwa fupi na hazikujisifu. Mahali pengine alikiri kwamba hajui, kwa maneno hayo hayo, “hapa sijui,” na nilijikuta nampenda mtu ambaye sijawahi kumwona. Sehemu ya mwisho alieleza jaribio la shambani: matuta yaliyotiwa bakteria yalisimama imara, na yale yasiyotiwa yalinyauka karibu yote. Hitimisho lake ni kwamba wakulima wanaweza kupanda upya kwenye mashamba yaliyougua, msimu huu huu.

Wapitiaji wenzangu wawili walikuwa wamekwisha kutoa uamuzi. Wote walikubali. Nilikuwa nimebaki mimi, Mpitiaji wa Tatu.

Nami ningekubali, kama si tabia yangu mbaya ya kusoma viambatisho. Hakuna anayesoma viambatisho. Hiki kilikuwa na jedwali refu la vipimo vya udongo wa kiwanja, mraba kwa mraba, na mwandishi mwenyewe alikuwa ameliweka tu kwa uaminifu bila kulitazama sana, kwa sababu yeye ni mtu wa wadudu, si mtu wa udongo. Nilichukua penseli za rangi nikaanza kupaka miraba. Potasi ilikuwa juu upande mmoja. Uchachu ulikuwa umeshuka upande huo huo. Nilipomaliza kupaka nikaona umbo la upepeo limelala kwenye karatasi, mpini wake kwenye kona ya chini, na limepindia kulia.

Nilicheka peke yangu. Yalikuwa majivu. Mtu alikuwa akisimama kwenye ile kona na kuyarusha majivu ya jiko juu ya kiwanja cha majaribio, siku baada ya siku, na yalikuwa yakiangukia kwenye matuta yale yale yaliyotiwa bakteria. Majivu peke yake yanaweza kuupa mmea nguvu ya kuhimili mnyauko kwa msimu mmoja, kisha nguvu hiyo inakwisha. Huenda bakteria anafanya kazi. Huenda hafanyi lolote shambani, na sifa zote ni za majivu. Kwa kiwanja hiki hakuna awezaye kusema.

Kitu kingine kilichonichekesha ni ule upindo. Anayerusha kwa mkono wa kulia majivu yake huangukia kushoto kwake. Huyu alikuwa wa mkono wa kushoto. Nikaandika pembeni, kwa kujifurahisha, kwamba mke wa mwandishi ni mashoto na anahitaji kuonywa.

* * *

Asubuhi iliyofuata niliyazoa majivu jikoni nikayatia kwenye beseni, nikafungua mlango wa nyuma. Jua lilikuwa limeanza kufika kwenye kizingiti. Nilisimama pale ninaposimama kila siku, nikarusha.

Majivu yalitanuka hewani, yakapinda kulia, yakatua juu ya matuta ya viazi.

Beseni lilikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto.

Nilibaki nimeduwaa kwenye kizingiti mpaka baridi ikaniingia magotini. Nilikuwa nakiona kiwanja kile kila siku ya Mungu. Kilikuwa na vibao vya namba, kamba zilizonyooshwa, na matuta yaliyopaliliwa vizuri, na sikuwahi kujiuliza hata mara moja nani anapalilia. Nilijaribu kujiuliza sasa. Akili ilikimbia, ikanipeleka kwenye uji ninaotakiwa kupika, ikanikumbusha soksi zilizolowa. Niliirudisha kwa nguvu. Nani anapalilia? Ikakimbia tena.

Basi niliacha kumtafuta mtu nikatafuta vitu, maana Pazia halijui hesabu za vitu. Nyuma ya mlango kulikuwa na makoti mawili ya mvua, na moja lingenifika miguuni. Kulikuwa na viatu vya shambani vikubwa, vyenye tope bichi. Bafuni kulikuwa na kiwembe. Kidoleni nilikuwa na pete ambayo nilikuwa naamini ni ya marehemu mama, na mama hakuwahi kuvaa pete maishani mwake. Niliingia chumbani nikatazama kitanda. Nilikuwa nalala ukingoni, na kitanda ni kipana. Niliweka kiganja upande wa pili nikakuta bado kuna joto.

Nilikaa chini sakafuni. Sikulia. Nilikuwa na hasira kama ya mtu aliyeibiwa na hajui ameibiwa nini.

* * *

Mama Tulizo, jirani anayetuletea maziwa, alipiga hodi nikiwa bado hapo. Huleta lita mbili kila asubuhi, na maziwa hayapatani na tumbo langu. Hilo pia sikuwahi kulishangaa.

“Mama Tulizo, karibu ukae,” nilimwambia. “Nataka kukuuliza kitu, na uniambie kweli.”

Aliniangalia usoni, akaweka kidumu chini polepole. Yeye si mtafiti, hana kitu nyuma ya sikio, anaona kila kitu. Watu wa huku wamefundishwa na Bodi kwamba mtu akiwa ndani ya Pazia hawapaswi kumwambia, na wengi hutii, si kwa kuogopa Bodi bali kwa aibu, kama vile mtu anavyogeuza uso akikuta jirani anaoga.

“Dokta, usiniulize hilo,” alisema.

“Hujui nitakuuliza nini.”

“Najua. Umekaa sakafuni na umeshika shuka. Najua.”

“Naishi na nani?”

Alijifuta mikono kwenye kitenge ingawa ilikuwa mikavu. “Dokta wangu, mimi ni mtu wa ng'ombe. Wataniita kwenye ofisi.”

“Nani atawaambia? Mimi?”

Yakamtoka yote kwa mkupuo. “Mnanitesa! Nakuja hapa asubuhi nawakuta mmekaa meza moja, wewe huku, yeye kule. Unamimina chai vikombe viwili, chako unakunywa, na kile kingine hata hukitazami. Yeye anakichukua, hakutazami wewe. Juzi ulikuwa unalia, na yeye amekaa pale, hivi, karibu hivi, anasoma karatasi. Nikamwambia, mkeo analia. Akanijibu, mvua haikatiki mwaka huu. Nilirudi nyumbani sikuweza kula.”

“Mume wangu,” nilisema. Nilikuwa naonja neno.

“Mumeo. Miaka yote hii mumeo.” Akataja jina. Najua alitaja jina, niliona midomo yake ikicheza, lakini nilichosikia ni kidumu kikigongwa na mguu.

“Taja tena.”

Alitaja tena. Nikasikia ng'ombe akilia huko bondeni. Mara ya tatu nilimzuia, maana alikuwa ameanza kulia na mimi nilikuwa nakaribia.

Kujua hakukunisaidia kumwona. Mtu akifumba macho anajua jua lipo, lakini giza ni lile lile.

Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni, akajaribu kunitia moyo. “Itakwisha, Dokta. Kazi yake ikipita tu, mambo yamekwisha. Naye amejitahidi, jamani! Watu wote wa bonde hili tunaisubiri hiyo dawa. Mimi nimekwisha kuandaa mbegu. Lile shamba langu la chini, lililougua, nalirudishia viazi lote msimu huu.”

“Lote?”

“Nina lipi jingine?” alisema, akacheka, akashika njia.

* * *

Uamuzi wa mpitiaji hutolewa kwenye skrini yenye vitufe vinne. Ni kazi ya kidole kimoja.

Kubali. Makala inachapishwa, Pazia linazimwa leo hii, na mume wangu anakunywa chai yake akiniona. Kisha Mama Tulizo anapanda shamba lake lote kwa imani ya majivu yangu.

Kataa. Pazia linazimwa leo hii pia. Lakini kwa sheria ya Bodi makala iliyokataliwa hairudi tena popote, wala kwa jarida jingine, na mdudu yule wa bondeni, ambaye naamini kabisa ni wa kweli, anafia kwenye kabati. Mtu aliyeandika “hapa sijui” hakustahili hilo.

Rekebisha. Mwandishi anaambiwa kasoro yake, anarudia jaribio la shambani. Jaribio la viazi ni msimu mzima, kuanzia kupanda hadi kuvuna na kupima. Msimu mzima Pazia linabaki.

Na kitufe cha nne, Jitoe, ndicho kilichokuwa changu kwa haki. Sheria ya kwanza kabisa ya kazi hii ni kwamba mpitiaji aliyemtambua mwandishi ajitoe papo hapo. Ukijitoa, Pazia linaondoka kwa mtu na kushuka juu ya makala. Unarudishiwa mtu wako, unanyang'anywa kila ulichosoma, majedwali, penseli za rangi, upepeo, vyote. Ningerudi kuwa mke anayemwaga majivu asijue. Kura mbili zilizokwisha kutolewa zingetosha, na makala ingechapishwa kama ilivyo.

Kwa hiyo uaminifu ulikuwa unanielekeza kwenye uongo. Nikiitii sheria, uongo unachapishwa. Nikitaka ukweli uandikwe, lazima niseme kwamba sijamtambua mtu ambaye nimelala kando yake. Nilizunguka chumba nikiitukana Bodi, nikajitukana mimi niliyepiga makofi.

Sitajifanya nilikuwa na roho ngumu. Kidole changu kilikaa juu ya Kubali kwa muda mrefu. Nilijiambia huenda bakteria anafanya kazi kweli. Nilijiambia wapitiaji wawili wenye akili wamekubali, mimi ni nani. Nilijiambia nimechoka, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kweli. Nilimtaka. Sikuijua sura yake, sikujua kama ananichekesha au ananikera, na bado mwili wote ulikuwa unamtaka, kama mtu anavyotaka kuota moto.

Mchana wa siku hiyo simu ya Mhariri iliita.

Profesa Shehoza amekuwa mhariri wa jarida letu tangu nikiwa mwanafunzi. Ni mwanamke wa Lushoto mwenye sauti ya upole inayoweza kukuua. Mhariri hana Pazia. Ni yeye peke yake kwenye mlolongo wote anayejua nani ameandika na nani anapitia.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba, Dokta Nkwama. Baridi ya huko haijawaua?”

“Bado.”

“Tunakungojea wewe tu. Wenzako wamekubali, wizara inanipigia kila siku, wanataka wagawe ile dawa kabla mvua hazijakolea.” Nikasikia karatasi zikifunuliwa. “Kabla hujaniambia lolote, ninapaswa kukuuliza lile swali. Unalijua. Mazungumzo yanarekodiwa.”

“Uliza.”

“Je, umemtambua mwandishi?”

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Nilitazama ile karatasi yenye upepeo wa rangi. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wengi kwamba mtafiti anaweza kukosea kila kitu isipokuwa kusema kweli, na nilikuwa nalisema kwa kiburi.

“Hapana,” nilisema. “Sijamtambua.”

Nilimsikia akipumua. Alijua nyumba yangu iko wapi, alijua kiwanja kiko wapi, na angeweza kunikamata kwa swali moja dogo tu.

“Uamuzi wako?” aliuliza.

“Arekebishe. Vyungu vyake ni safi, sina la kusema. Lakini kiwanja chake kimeingiwa na majivu, nimeambatanisha mchoro. Arudie jaribio la shambani mahali pasipo na majivu, au amzuie anayeyamwaga. Na wizara iambiwe wakulima wasipande chochote kwenye mashamba yaliyougua mpaka hapo.”

“Ni msimu mzima, Dokta.”

“Najua.”

“Unajua kweli unachokikubali?” Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kisha akakohoa, akarudi kwenye sauti ya kazi. “Imepokelewa. Nitaiarifu wizara leo. Na wewe, mdogo wangu, ule vizuri huko.”

Alikata simu. Nilibonyeza Rekebisha, na kile nilichokuwa nimekitarajia hakikutokea, yaani sikujisikia mtu mwema hata kidogo. Nilijisikia mjinga aliyejifungia mlango kutoka ndani. Nilikwenda kwa Mama Tulizo siku hiyo hiyo, nikamwambia asirudishie viazi shamba la chini. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kitu kimoja tu, “Basi na nyinyi bado?” nikamwambia bado, akanishika mkono akakaa nao.

* * *

Mwandishi ana haki ya kuwajibu wapitiaji kabla hajaanza marekebisho. Wengi hujibu kwa adabu ya kinafiki, wanaanza na “tunamshukuru sana mpitiaji kwa maoni yake yenye busara” huku wakisaga meno. Jibu la huyu lilichukua siku kadhaa, na siku hizo nilizitumia kutembea ndani ya nyumba nikiongea kwa sauti. Nilimwambia habari za maabara. Nilimwambia Luvanda ananunua pikipiki. Sikujibiwa, au nilijibiwa nikasikia mvua.

Lilipofika nililisomea hapo hapo maabara, nimesimama.

*Kwa Mpitiaji wa Tatu. Maoni yako ni sahihi na ninaona aibu kwamba sikuyaona mwenyewe. Nimepima upya na mchoro wako ni wa kweli. Nakubali kurudia jaribio.*

*Umependekeza nimzuie anayemwaga majivu. Sitafanya hivyo. Nitakihamishia kiwanja ng'ambo ya bonde, ingawa ni mbali na nitakuwa nashuka na kupanda kila siku. Pale mlangoni ndipo jua la asubuhi linapofika kwanza, na anayesimama pale ana magoti yanayomsumbua kwenye baridi. Asisogezwe.*

*Sheria inaniruhusu kuomba mpitiaji mwingine, na kama ningeomba, mambo yangu nyumbani yangekuwa mepesi. Nimefikiri sana. Wengine wawili walinipitisha bila kuniona nilipokosea. Siombi mwingine.*

Chini yake kulikuwa na mstari ambao Bodi humlazimisha kila mwandishi kuujaza kabla jibu halijapokelewa. *Je, umemtambua mpitiaji?* Alikuwa amejaza kwa mkono wake, kwa herufi ndogo zilizonyooka.

*Hapana.*

Niliisoma tena na tena. Sikuwahi kumwandikia mtu yeyote habari za magoti yangu; naye lazima alikuwa amehesabu vitu na kumuuliza Mama Tulizo, kama nilivyofanya mimi. Alikuwa amedanganya, mume wangu nisiyejua jina lake, mtu asiyeandika neno asilolijua. Nilifunika uso kwa mikono nikalia pale pale mbele ya Luvanda, na nililia kwa furaha mbaya, ya mtu anayejua anapendwa na nani na hawezi kumwona.

“Makala mbovu?” Luvanda aliuliza kwa wasiwasi.

“Nzuri,” nilimwambia. “Nzuri mno.”

Skrini iliniuliza kama niko tayari kuendelea kuwa mpitiaji wa makala hii kwa msimu unaokuja. Nilifuta mikono yangu kwenye koti la maabara, nikabonyeza Endelea.